Pembe ya Nje na Sababu Iliyo Nyuma Yake

Kanuni nyingi za Hisabati nilizosoma utotoni zilimaliza kazi yake siku ya mtihani. Ile ya pembe ya nje ya pembetatu haikuniacha. Niliipokea shule ya msingi, nikaikuta ikifanya kazi baharini usiku, nikaifundisha mpaka nikastaafu, na katikati ya safari hiyo nikajifunza kwamba kuna mahali haifiki. Naandika haya kwa sababu, katika maisha yangu yote ya ualimu, sijakutana na kanuni nyingine ndogo namna hii iliyonifunza jambo kubwa namna hii: kuijua kanuni ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kujua imesimama juu ya nini.

Kanuni yenyewe inasemeka kwa pumzi moja. Chora pembetatu. Chukua upande mmoja, uurefushe kwa rula upite kona yake. Kati ya mstari huo ulioongezwa na upande wa pili wa kona ile imepatikana pembe mpya, iliyo nje ya umbo. Ukubwa wake ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo, yaani zile za kona nyingine mbili. Kama moja ina nyuzi 50 na nyingine nyuzi 60, pembe ya nje ina nyuzi 110. Ile pembe ya ndani iliyo jirani yake huna haja ya kuipima. Itajitokeza yenyewe kuwa nyuzi 70, maana jirani hao wawili wanagawana mstari mnyoofu wenye nyuzi 180.

Mwalimu wetu wa Hisabati wa darasa la sita alikuwa na desturi ambayo wenzangu wengi waliiona ni kupoteza muda: hakutupa kanuni mpaka tumeitafuta. Siku ya pembetatu alituagiza kila mmoja achomoe ukurasa wa katikati ya daftari, achore pembetatu yoyote aitakayo, kisha aikate. Tukatia alama kona zote tatu kwa kalamu, tukazichana, tukaambiwa tuzipange ncha kwa ncha juu ya mstari wa daftari. Darasa zima likainama. Vipande vyangu vilikuwa na kingo zilizochanika ovyo, lakini nilipovisogeza vikagusana, vilijaza sawasawa upande mmoja wa mstari, bila pengo na bila kupandana. Jirani yangu alikuwa amechora pembetatu isiyofanana kabisa na yangu, yenye kona moja pana sana. Kwake ikawa vilevile.

Tulishangilia. Mwalimu akasubiri tutulie, kisha akauliza: "Karatasi hizi zimewaeleza habari zake. Je, pembetatu ambayo bado hakuna mtu aliyeichora, habari zake mtazijuaje?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo akageukia ubao. Alichora pembetatu kwa chaki nyeupe, akaziita kona zake A juu, B kushoto na C kulia. Akaurefusha upande wa BC kwenda kulia mpaka mahali alipopaita D. Kisha akachukua chaki ya rangi, akaweka rula kwenye C, akachora mstari CE ulio sambamba na upande wa BA. Mstari huo mmoja uliigawa pembe ya nje vipande viwili, naye akatuuliza habari za kila kipande. Kipande cha juu kiko kati ya CA na CE. Mstari AC umekatiza mistari miwili sambamba, kwa hiyo kipande hicho na pembe ya A ni pembe za kupishana, nazo zinalingana. Kipande cha chini kiko kati ya CE na CD. Kimekaa juu ya mstari BD kama vile pembe ya B ilivyokaa juu ya mstari huohuo, kwa hiyo hivyo viwili navyo vinalingana. Basi pembe ya nje ni A na B zilizowekwa pamoja. Ongeza pembe ya C iliyobaki ndani, mstari wa BCD umejaa: nyuzi 180.

Nakumbuka nilivyoutazama ule mstari wa chaki ya rangi. Haukuwa sehemu ya pembetatu. Hakuna swali lililoutaja. Lakini bila huo hakuna kinachoonekana, na ukishachorwa, yote yanajieleza. Zaidi ya hayo, hoja haikusema neno hata moja kuhusu urefu wa pande wala upana wa kona. Ilikuwa inazungumzia pembetatu ya ubaoni, yangu, ya jirani yangu, na zote ambazo hazijachorwa. Lile swali la Mwalimu lilikuwa limejibiwa mbele ya macho yetu, bila kuchana karatasi nyingine.

Thamani ya somo lile niliiona nilipoingia sekondari. Nchini kwetu mwanafunzi husoma Hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi, akifika kidato cha kwanza lugha inageuka kuwa Kiingereza. Wenzangu waliokuwa wamekariri maneno ya kanuni walilazimika kuanza upya, kwa sababu maneno yalikuwa yamebadilika. Mimi niliukuta ubao ni uleule: pembetatu, mstari ulioongezwa, mstari sambamba. Sababu haikuhitaji kuandikishwa upya.

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi la injini lililobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Unguja. Nilipokuwa sekondari, mama aliniruhusu kusafiri naye wakati wa likizo. Safari moja tuling'oa nanga jioni, msimu wa kusi, bahari ikiwa imetulia kiasi. Usiku ulipokomaa, mbele yetu kwa upande wa kulia ikaanza kuonekana taa ya Chumbe. Chumbe ni kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mwa mji wa Unguja. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, na vyombo vinavyopanda kutoka kusini kwenda bandarini vimeutumia kujua vilipo.

Karibu na usukani mjomba alikuwa amegongomea ubao uliochorwa mistari ya pembe. Mstari wa kwanza ulifuata urefu wa chombo, kutoka tezi kwenda omo; mingine ilifunguka kulia na kushoto, kila baada ya nyuzi kumi, imekolezwa kwa rangi nyeupe ili ionekane kwa mwanga hafifu. Mjomba alichutama nyuma ya ubao, akafumba jicho moja, akaitazama taa kwa kuufuata mstari. "Thelathini," akasema, akatazama saa yake ya mkononi. Akamwagiza mshika usukani asiuache mwelekeo wa dira hata kidogo, na injini iende vilevile. Tukaendelea. Taa nayo ilikuwa inasogea polepole kuelekea ubavuni mwetu. Mjomba aliirudia mara kwa mara, mpaka ilipokaa sawasawa juu ya mstari wa sitini. Akatazama saa tena. Nusu saa ilikuwa imepita, na chombo kilikuwa kinakwenda maili sita za baharini kwa saa.

"Tumekwenda maili tatu," akasema. "Basi na taa iko maili tatu kutoka hapa tulipo."

"Mjomba, umejuaje?"

"Pembe ikishakuwa maradufu, mwendo uliokwenda ndio umbali ulio nao mpaka kwenye taa. Ndivyo nilivyofundishwa, na haijawahi kunitupa."

Nilichukua tochi na daftari. Niliweka nukta P mahali tulipokuwa taa ikiwa kwenye nyuzi 30, nukta Q mahali tulipo sasa, na nukta T kwenye taa. Njia yetu ilikuwa mstari ulionyooka unaopita P na Q na kuendelea mbele. Ile pembe ya nyuzi 60 iko Q, kati ya njia iliyo mbele yetu na taa. Upande wa PQ umerefushwa, na pembe iko nje ya pembetatu PQT. Kumbe ni pembe ya nje! Ni lazima iwe sawa na jumla ya pembe mbili za mbali, iliyo P na iliyo T. Ya P ni 30, kwa hiyo ya T nayo ni 30. Pembetatu yenye pembe mbili zinazolingana ina pande mbili zinazolingana, zile zinazozielekea pembe hizo. Upande wa PQ ni sawa na upande wa QT. Maili tatu kwa maili tatu.

Na si lazima iwe 30 na 60. Ingekuwa 25 na 50, au 40 na 80, hoja ni ileile, kwa kuwa pembe ya nje ikiwa maradufu ya ile ya kwanza, pembe iliyo kwenye taa haina budi kulingana na ya kwanza. Manahodha wengi hupenda 45 na 90, kwani taa inapofika ubavuni kabisa, mwendo uliokwenda ndio umbali unaopita nao mbali na taa. Mjomba alipenda 30 na 60 kwa sababu humpa habari mapema, kabla chombo hakijafika sambamba na mwamba. Alikuwa pia na kipimo cha nyongeza: taa itakapofika ubavuni, umbali wake utakuwa kama saba ya nane ya mwendo ule. Kwa maili tatu, ni maili mbili na sita ya kumi hivi. Nilikuja kukipima baadaye kwa trigonometria, nikakikuta ni kipimo kizuri kwa kazi ya baharini.

Nilimwonyesha mjomba mchoro. Alinipokonya tochi, akaufuata kila mstari kwa kidole, akataka nimweleze tena kwa nini pembe ya T lazima iwe 30. Alipoelewa aliutazama mchoro kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na kama mkondo ulikuwa unatusukuma?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. Maili zetu tatu zilitokana na mwendo wa injini ndani ya maji. Kama maji yenyewe yalikuwa yanakwenda kaskazini, upande wa PQ ni mrefu kuliko tunavyodhani, na taa iko mbali zaidi. Kama yalikuwa yanarudi kusini, upande huo ni mfupi, na taa iko karibu zaidi, nako ndiko kwenye hatari. Kama yalikuwa yanatusogeza upande, hata njia tuliyoifuata si ile omo ilikokuwa imeelekea. Mjomba akatikisa kichwa kukubali. "Hesabu yako ni sahihi kwa pembetatu uliyoichora," akasema. "Kazi ya nahodha ni kuhakikisha hiyo ndiyo pembetatu aliyosafiri." Akamwita baharia atupe bildi, wahesabu kina kwa pima, walinganishe na alichokijua kuhusu maji ya pale.

Mwalimu wangu alinifundisha kuuliza kwa nini kanuni ni kweli. Mjomba alinifundisha kuuliza kama masharti ya kanuni yametimia mahali ninapoitumia. Maswali hayo mawili huonekana tofauti, lakini la pili halijibiki bila la kwanza. Asiyejua kwamba hoja ilitegemea mstari mmoja ulionyooka, P mpaka Q na mbele yake, hana namna ya kujua kwamba mkondo unaiharibu.

Chuo cha ualimu nilikutana na kitabu cha Euclid, yule mwanahisabati wa Kiyunani aliyefanya kazi Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Nilikwenda moja kwa moja kutafuta pembe ya nje katika kitabu cha kwanza chenye hoja 48. Niliikuta imetajwa mara mbili. Katika hoja ya 16 Euclid anathibitisha jambo dogo tu: pembe ya nje ni kubwa kuliko kila moja ya zile mbili za mbali. Katika hoja ya 32 ndipo anapothibitisha kwamba ni sawa na jumla yake, na hapohapo kwamba pembe tatu za ndani ni sawa na pembe mraba mbili. Hoja ya 32 ndiyo ile ya Mwalimu wetu, pamoja na mstari wake sambamba.

Kwa nini alisema jambo dogo kwanza, ilhali kubwa linakuja? Jibu liko katikati. Hoja ya 16 haihitaji mistari sambamba. Unatafuta nusu ya upande wa AC, unapitisha hapo mstari kutoka B na kuuendeleza kwa urefu uleule, unapata pembetatu mbili zinazolingana, na nakala ya pembe ya A inaonekana imelala ndani ya pembe ya nje huku ikibakiza nafasi. Lakini kusema "sawa na jumla" kunataka usambamba, na usambamba unataka ile kauli ya tano ya msingi, ambayo Euclid anamwomba msomaji aikubali bila uthibitisho: kwamba mistari miwili ikikatwa na wa tatu, na pembe za ndani za upande mmoja zikapungua pembe mraba mbili, mistari hiyo ikirefushwa itakutana upande huo. Anaiweka akiba mpaka hoja ya 29. Nilimheshimu sana kwa hilo. Alichukua kwanza kila kinachopatikana kwa gharama ndogo, na alipohitaji kusema jambo zito zaidi, alilipa gharama yake waziwazi.

Kauli hiyo ya tano iliwashughulisha wasomi kwa karne nyingi. Kitabu cha Euclid kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar enzi za Khalifa Harun al-Rashid, na wanazuoni wa Kiislamu hawakukipokea kwa kukariri. Omar Khayyam, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi yake, aliandika mwaka 1077 kitabu kizima kuhusu magumu ya Euclid, akijaribu kuipa kauli ya usambamba msingi ulio imara zaidi. Nasir al-Din al-Tusi aliendeleza kazi hiyo katika karne ya 13, na Mwitalia Girolamo Saccheri alijaribu tena mwaka 1733. Kauli haikuthibitika. Mwaka 1829 Mrusi Nikolai Lobachevsky, na mwaka 1832 Mhungaria János Bolyai, walichapisha jiometri nyingine iliyosimama bila kauli hiyo. Humo pembe tatu za ndani hazifiki nyuzi 180, na pembe ya nje inazidi jumla ya zile mbili za mbali. Hoja ya 16 inabaki kweli. Ya 32 inaanguka. Mstari ambao Euclid aliuchora kati ya hizo mbili ulikuwa mahali pake hasa.

Nilipoanza kufundisha, Tanga, nilikuwa nimedhamiria kwamba wanafunzi wangu wataipata kanuni pamoja na sababu. Mwaka mmoja msichana wa darasa la sita alinyanyua daftari lake. Alikuwa ametia kivuli nafasi yote iliyoizunguka kona kwa nje, akauliza: "Mwalimu, nje ya kona hii pote hapa ni nje. Kwa nini pembe ya nje iwe kipande hiki tu?" Lilikuwa swali la mtu anayefikiri. Kona yake ya ndani ilikuwa na nyuzi 70, na eneo alilolitia kivuli lilikuwa na nyuzi 290. Ningeweza kumwambia kwamba ndivyo ilivyokubaliwa. Lakini sababu ipo, na inastahili kuonekana.

Tulitoka uwanjani na kamba ya katani na vigingi vitatu. Tuliifunga kamba ikawa pembetatu kubwa, moja ya pande zake ikielekea mwembe ulio mwisho wa uwanja. Nikamwomba yule msichana asimame juu ya upande huo, mkono wa kulia ameunyoosha mbele yake kuelekea mwembe, atembee kwa kuifuata kamba. Alipofika kwenye kigingi cha kwanza nilimsimamisha. "Usipogeuka, utakwenda wapi?" Akaonyesha mbele, nje ya pembetatu: ule ndio mstari ulioongezwa. "Na ili uifuate kamba, unageuka kiasi gani?" Mkono wake ulipita kutoka mstari ulioongezwa mpaka upande wa pili wa kamba. Wenzake wakaona. Pembe ya nje ni kiasi cha kugeuka. Nafasi aliyoitia kivuli ipo, lakini si hiyo ambayo mtembeaji anaigeuka.

Akaendelea. Kigingi cha pili, akageuka. Cha tatu, akageuka. Na mkono ukawa umeuelekea mwembe tena. Amezunguka mzunguko mmoja kamili: nyuzi 360. Basi pembe tatu za nje, moja kwa kila kona, jumla yake ni 360. Kila kona ina pembe ya nje na ya ndani zinazofanya 180. Kona tatu ni 540. Toa 360, pembe za ndani zinabaki na 180. Mvulana mmoja akauliza kama tukiongeza kigingi itakuwaje. Tukaongeza. Umbo la pande nne lina 360 ndani, la pande tano 540, la pande sita 720. Za ndani zinazidi kila unapoongeza kona, lakini za nje hazitoki kwenye 360, kwa kuwa mtembeaji, hata kona ziwe ngapi, amezunguka mara moja tu akarudi kwenye mwelekeo wake. Niliona nyuso zao zilivyobadilika. Yale mafumbo ya maumbo yenye pande nyingi, yaliyokuwa yakiwatisha katika mazoezi, yakawa ni kutembea na kugeuka.

Miaka kadhaa baadaye nilipata nafasi ya kwenda Kenya na kusimama Nanyuki, penye kibao cha Ikweta. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za umbo la dunia, lakini kusimama pale kulinifanya niifikirie upya ile pembetatu ya kamba. Tuseme mtu anaondoka Nanyuki, akaelekea kaskazini bila kupinda, mpaka Ncha ya Kaskazini. Hapo anageuka nyuzi 90 kushoto, akashuka moja kwa moja mpaka Ikweta tena. Kwa kuwa Nanyuki iko karibu nyuzi 37 mashariki, atatua nyuzi 53 magharibi, kwenye misitu ya kaskazini mwa Brazil. Anageuka tena nyuzi 90 kushoto, anaifuata Ikweta mpaka Nanyuki, na akigeuka nyuzi 90 za mwisho anatazama kaskazini kama alivyoanza. Amefunga pembetatu. Amerudi kwenye mwelekeo wake. Lakini amegeuka nyuzi 270 tu.

Pembe zake tatu za ndani ni 90 kila moja, jumla 270. Pembe ya nje ya kona yoyote ni 90, wakati zile mbili za mbali zinafanya 180. Hata hoja ya 16 imeanguka: pembe ya nje haizidi hata moja kati ya zile za mbali. Hoja hiyo haikutaja usambamba, lakini ilidhani kwamba mstari ukirefushwa unazidi kwenda, haurudi. Juu ya tufe kila njia iliyonyooka hatimaye inajirudia.

Hili si jambo la kufikirika tu kwa watu wa huku. Mwaka 1879 mnajimu David Gill alipendekeza kupima mlolongo wa pembetatu kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kwa kuifuata meridiani ya nyuzi 30 mashariki. Kazi ilikamilika mwaka 1954, na mlolongo huo ulipita magharibi mwa Tanganyika na Uganda. Wapima ardhi walitazamana kutoka kilima hadi kilima na kupima pembe zote tatu za kila pembetatu. Hawakutegemea kupata nyuzi 180 kamili. Juu ya dunia, jumla ya pembe za pembetatu huzidi 180 kwa kadiri ya eneo lake: sekunde moja ya pembe kwa kila kilomita za mraba 197 hivi, ambapo uzi mmoja una sekunde 3,600. Pembetatu yenye pande za kilomita 50 kila mmoja huzidi kwa sekunde tano na nusu hivi, na pembe ya nje hupungua kwa kiasi hichohicho kutoka kwenye jumla ya zile mbili za mbali. Ni kidogo mno kwa uwanja wa shule na kwa maili tatu za Chumbe. Lakini kwa mlolongo unaovuka bara zima, anayekipuuza atapotoka.

Nimewasikia watu wakisema kwamba mambo ya namna hii huwavunja wanafunzi moyo: umefundishwa kanuni, kisha unaambiwa kuna mahali si kweli. Uzoefu wangu ni kinyume. Mwanafunzi aliyepewa kanuni kama amri ndiye anayevunjika moyo, kwa kuwa amri ikikiukwa mara moja hajui imebaki na nguvu gani. Aliyeiona kanuni ikijengwa anarudi kwenye hoja, anatafuta sharti lililokosekana, na analipata: hapa mistari sambamba haipo, pale mkondo umeusogeza upande mmoja. Kanuni yake haijapungua. Imepata mipaka, na yeye amepata uhakika wa kuitumia ndani ya mipaka hiyo bila wasiwasi.

Nikikutana na walimu vijana wananiuliza namna ya kuwahi kumaliza mada. Mada ni nyingi na mtihani hausubiri; naujua mzigo huo. Hata hivyo nawaomba kitu kimoja. Mkifika kwenye pembe ya nje, chukueni chaki ya rangi, mchore ule mstari sambamba taratibu, mbele ya wanafunzi, na muwaache wao waseme kila kipande kinalingana na nini. Kisha wapelekeni uwanjani wageuke kwenye kona. Muda huo haupotei. Mtoto aliyeondoka na sababu anaweza kuisahau kanuni jioni na kuijenga upya asubuhi kwa penseli yake mwenyewe; na siku atakapokuwa nahodha, fundi au mpima ardhi, atajua kuuliza kama pembetatu iliyo mbele yake ni ile kanuni inayoizungumzia. Hiyo ndiyo elimu ninayoiita kamili, na ndiyo tunayowadai watoto wetu kila tunaposimama mbele ya ubao.